Kibebeo cha Masinia

Nairobi, South B
6 Januari 2025

Kwa Bi Maisara,

Salamu nyingi. Nimefika salama, isipokuwa simu, ambayo imefika salama kwa mtu mwingine pale kituo cha basi. Namba zote zimekwenda nayo, na yako sikuwahi kuikariri. Lakini hata ningekuwa nayo nisingekupigia kwa jambo hili. Simu yako ni ya nyumba nzima: nikisema neno asubuhi, adhuhuri mtaa mzima wa Kuze unalijua. Kwa hiyo tuandikiane. Barua zako zilete kwa basi, kwa jina la binamu yangu Jeremy, anafanya kazi kwenye ofisi ya vifurushi.

Leo nimeonana na yule wakala wa hataza, anayewaandikishia watu haki za ubunifu wao, Bi Ashley Oloo. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, tena hachekicheki. Nikamwambia mimi ni mchomeleaji, nimechoma vyuma Shimanzi kwenye yadi ya makontena tangu nikiwa msichana, na Desemba nimeacha kazi kwa sababu ya kitu tulichotengeneza mimi na mpishi mmoja wa harusi wa Mji wa Kale. Akauliza kitu gani. Nikamchorea: fremu ya bomba jepesi, inabebwa na watu wawili kama machela, na ndani masinia sita ya pilau yananing'inia kwa minyororo, moja chini ya jingine. Nikamweleza ngazi za nyumba zenu zilivyo kali na nyembamba, na kwamba hata fremu ikilala vipi, sinia linabaki sawa na wali haumwagiki. Akaniuliza maswali mawili. Nani alifikiria nini? Na nani amekiona?

Kumbe mambo ni hivi. Wazo likikaa kichwani mwako halina ulinzi wowote, lazima liwe kitu kinachoweza kuelezwa hata fundi mwingine akakitengeneza. Na lazima kiwe kipya. Kikishaonekana na watu, upya umeingia doa. Tena anayetangulia kupeleka maombi ndiye anayesikilizwa. Kwa hiyo siri hii si ya milele, ni ya mpaka tupeleke karatasi tu. Hapo tutaeleza kila kitu waziwazi, nayo serikali itatulinda kwa miaka iliyowekwa.

Kuhusu nani amekiona nimejibu: mimi na Bi Maisara, na labda mumeo, Mzee Shukri, kama miguu imemruhusu kushuka stoo. Tafadhali kibaki huko huko nyuma ya magunia, kimefunikwa. Nimeacha mshahara kwa ajili yake, na sina kingine.

Nisalimie Mzee Shukri. Mwambie huku hakuna msimamizi wa kunifokea kama yeye, nimeanza kunenepa. Miguu yake inaendeleaje?

Wako,
Mutanu Kyalo


Kuze, Mombasa
20 Januari 2025

Mwanangu Mutanu,

Baada ya kukusalimu na kukuombea afya na kheri katika baridi hiyo, nakujulisha kwamba barua yako niliipata. Ilinikuta nyumba imejaa watu, nikaiweka chini ya mto, nikaisoma watu walipopungua. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii anakupelekea kwenye basi Zoya, binti wa Bwana Tayebali muuza vyombo wa Makadara. Ni msichana mwema, hujitolea mwenyewe.

Umetaka kujua nilichokifikiria mimi. Mimi nimefikiria mvuke. Wewe ulitaka masinia yakaribiane ili fremu iwe fupi, nami nikakwambia la, pilau ikitoka jikoni inatoa mvuke, mvuke utagonga tako la sinia la juu na kurudi chini maji, na wali wa chini utakuwa bokoboko kabla haujafika kwa wageni. Ndipo tukapima shibiri na nusu, na vile vifuniko vya matundu ubavuni vikatoka hapo. Hilo ni langu, nakubali. Bibi harusi akiletewa pilau ya maji, anayelaumiwa ni mpishi, si fundi wa vyuma.

Nairobi siwezi kuja kwa sasa. Nina mambo ya nyumbani. Kile chombo kipo.

Na jina langu usiharakishe kuliandika kwenye karatasi hiyo. Tutazungumza.

Wako mama yako,
Maisara


Nairobi
27 Januari 2025

Bi Maisara,

Mvuke nimempelekea Bi Oloo, akaandika karibu ukurasa mzima. Amesema huo ndio ubunifu wenyewe, kuona tatizo ambalo hakuna aliyeliona. Ungemwona alivyouliza juu ya bokoboko, anaandika kwa uso mkavu kama hakimu.

Lakini kuhusu jina hatuna la kuchagua. Nilidhani ni adabu tu, kwamba mwenye karatasi ni mimi nawe nitakushukuru pembeni. Sivyo. Kila aliyebuni sehemu ya kitu lazima atajwe kuwa mbunifu, na asiyebuni asitajwe hata kama ni tajiri aliyenunua vyuma. Ukimwacha mmoja, au ukimwongeza mmoja kwa heshima, siku moja mtu anaweza kuisimamisha hataza yote kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tumegawa. Zile pete za mpira wa tairi zinazozuia masinia kuyumba ni zangu. Nafasi na vifuniko ni vyako. Kimebaki kitu kikubwa kuliko vyote, kuning'iniza kwenyewe. Siku ile ulikuja Shimanzi ukaniambia, "Masinia yasikae juu ya chuma, yatundikwe." Hayo ni maneno yako. Je, na wazo ni lako?

Hataza kubwa Bi Oloo anaiona ngumu, lakini ipo ndogo yake, ya vitu vinavyoboresha kazi ya watu, na hiyo anasema tunaiweza. Anataka sahihi yako. Panda treni siku moja tu, nitakupokea, utarudi kesho yake.

Mzee Shukri hajajibu salamu zangu. Muulize kuringa kumeanza lini.

Mutanu


Duka la Vyombo, Makadara
3 Februari 2025

Kwa Bi Mutanu Kyalo,

Salaam aleikum, na heshima zote. Mimi ni Qaidjohar Tayebali, muuza masufuria, masinia, mabirika na vyombo vya shughuli. Hatujuani uso kwa uso. Anwani nimepewa na binti yangu Zoya, anayepeleka barua zenu kwenye basi.

Siku ya hitima pale Kuze nilikuwa nimekaa barazani na wanaume wenzangu. Nikaona vijana wawili wakipandisha masinia sita ya pilau ngazi zile kwa safari moja, bila hata punje moja ya wali kuanguka. Dada, nimeuza vyombo maisha yangu yote na sijaona kitu kama hicho. Kila mtu alikuwa akiulizana kimetoka wapi. Mimi nilikipiga picha.

Ramadhani inakaribia na watu wa kufuturisha ni wengi. Nataka ishirini. Nimeambiwa fundi ni wewe, kwa hiyo naanza kwako kwa haki. Kama huna nafasi hakuna neno, hapa Makadara wapo wachomeleaji, nitawaonyesha picha wajaribu.

Wako katika biashara,
Q. Tayebali


Nairobi
7 Februari 2025

Bi Maisara,

Nimepata barua ya Bwana Tayebali. Kwa hiyo kile chombo kipo, ila kipo kwenye hitima, juu ya mabega ya vijana, mbele ya mtaa mzima, na picha yake iko kwenye simu ya muuza vyombo.

Sijui niandike nini bila kukukosea adabu. Nilikuomba kitu kimoja. Ningeelewa kama ungesahau, lakini uliniandikia kwamba kipo, ukijua kimetoka. Umeniacha niende kwa yule wakala nikaape kwamba hakuna aliyekiona. Nimekaa mbele yake kama mwongo, wala sikujua kwamba nadanganya.

Nakuuliza tena, na safari hii nijibu. Kilitoka kwa idhini yako? Na kuning'iniza ni wazo la nani? Mbona hilo hulijibu? Kama uliliona mahali, dukani, kwenye televisheni, kwa mpishi mwingine, niambie sasa. Likiwa la mtu mwingine basi hatuna hataza, na mimi niliacha kazi bure. Bwana Tayebali nimemwandikia leo leo asikionyeshe kwa fundi yeyote. Sijui kama atanisikiliza, maana hana sababu.

Mutanu


Kuze, Mombasa
11 Februari 2025

Mwanangu Mutanu,

Kasirika, unayo haki.

Ni kweli kilitoka. Wewe umeishi Mombasa muda mrefu lakini hujawahi kuwa mpishi wa mtaa, kwa hiyo nikueleze. Vyombo vilivyo stoo kwangu nimevinunua mimi, lakini si vyangu. Harusi unaweza kuniomba ukangoja. Msiba hauombi. Msiba ukiingia, wanawake huja wakafungua stoo wakatwaa kila wanachokiona chafaa, nawe huwaulizi, wala wao hawakuulizi. Walikikuta nyuma ya magunia wakakifunua. Sikukitoa mimi. Lakini siku hiyo sikuwa mtu wa kuulizwa wala wa kukataza, na nilipokisikia kinagonga ngazini nilikuwa nimeshachelewa.

Nilikuandikia kipo kwa sababu kilikuwa kimesharudi. Hilo nalo si jibu zuri, najua.

Kutundika si wazo langu. Wala sikuliona dukani wala kwenye televisheni, ondoa hofu hiyo. Ni la mtu, na mtu huyo hawezi kukushtaki. Niliweka ahadi ya kutomtaja. Nivumilie kidogo.

Maisara


Duka la Vyombo, Makadara
13 Februari 2025

Kwa Bi Mutanu Kyalo,

Salaam. Barua yako nimeisoma, nami nimeona haya. Picha nimeifuta mbele ya Zoya, akahakikisha na kwenye lile pipa la taka la simu, maana mimi sijui liko wapi. Fundi yeyote hajaiona.

Ulidhani sitaelewa, lakini yametukuta. Babu yangu alikuwa na alama yake, birika lenye mikono miwili, aliipiga kwenye kila chombo na kuichora juu ya mlango wa duka. Hakuisajili, alidhani kujulikana kunatosha. Mwenzake akaenda kimya kimya akaisajili kwa jina lake, na baada ya muda ikaja barua kwamba babu ndiye mwizi. Alipanda ngazi mwenyewe akaipaka rangi nyeupe. Baba yangu alikuwa akituonyesha ule ukuta kila Idi, tulikuwa tunauchoka. Sasa nauonyesha mimi.

Kwa hiyo oda yangu itangoja karatasi zako. Na hata bila karatasi ningengoja, si vizuri kuanza biashara ya chombo hiki kabla Bi Maisara hajatoka eda. Marehemu Shukri alikuwa mteja wetu tangu enzi za baba yangu. Siku ya maziko yake tulifunga duka.

Zoya huenda kumtazama Bi Maisara kila siku. Anasema anakula kidogo.

Q. Tayebali


Nairobi
15 Februari 2025

Bi Maisara,

Nimeisoma barua ya Bwana Tayebali nimesimama kwenye ofisi ya vifurushi, kwa sababu nilitaka kujua haraka kama picha imefutwa. Nilipofika kwenye neno eda nikakaa juu ya gunia la mtu. Jeremy alidhani nimefukuzwa nyumba. Nimelia mbele ya watu wanaongoja mizigo yao na sikujali.

Ilikuwa hitima ya Mzee Shukri. Ndiyo maana hukuwa mtu wa kuulizwa. Ndiyo maana huji Nairobi, wala Makadara huendi, na barua anapeleka Zoya. Nami nilikuwa nakutumia utani kwa mtu aliyekwisha zikwa. Nilikuandikia wewe, mjane, juu ya mabomba. Nilikaribia kabisa kukuita mwongo.

Yule mzee ndiye aliyenipa kazi. Niliposimama kwenye lango la yadi wakasema mwanamke hachomi, alinipa kipande cha chuma kilichopasuka na mashine akasema, "Nishonee hichi." Alikiangalia mbele na nyuma, akaniambia nije kesho na viatu vigumu. Ningekuja kumzika. Ningesimama nje kwenye barabara na wanawake wengine wa bara, lakini ningekuja.

Kwa nini hukuniambia?

Hataza iache. Nakuja.

Mutanu


Kuze, Mombasa
20 Februari 2025

Mwanangu,

Usije kwa ajili ya kuomba msamaha, sina cha kukusamehe. Njoo na karatasi.

Kwa nini sikukwambia. Kwanza ni kwa sababu yeye alisema. Juma lake la mwisho alikuwa akikuulizia. "Mutanu amefika? Ameonana nao?" Akasema yoyote yatakayotokea usirudishwe njiani, kwa sababu anakujua, utaacha kila kitu uje ukae kwenye mkeka. Pili ni kwa sababu yangu. Kila nikikaa kukuandikia neno hilo mkono wangu haukuliandika. Nilikuwa nikiandika juu ya mvuke na bokoboko, nikajiona kwa dakika chache niko jikoni kwangu na yeye yuko juu ananingojea. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukimsalimu kana kwamba yuko. Sikutaka uache.

Sasa lile la kutundika. Ahadi naivunja, na nikikosea Mungu ananijua.

Hakuwa na ugonjwa wa miguu. Ilikuwa mikono. Ilianza kutetemeka mwaka juzi, mwishowe hata kijiko hakifiki mdomoni. Uji ulikuwa ukimwagika kifuani, nami nikitaka kumlisha hugeuza uso ukutani. Siku moja nilipanda juu nikamkuta amefunga bakuli kwa kamba tatu na kulitundika kwenye mti wa chandarua, juu ya kifua chake. Mikono imtetemeke itakavyo, bakuli lilikuwa limetulia, akilivuta kwa kidole linakuja mdomoni sawasawa. Alikunywa uji wote. Nilicheka, naye akacheka, tulikuwa hatujacheka siku nyingi. Nikamwambia laiti na masinia yangu ngazini yangekuwa hivyo. Akafikiri kidogo akasema, "Nayo yatundike vivi hivi. Kamwambie Mutanu. Lakini usimwambie ni mimi." Alisema hataki msichana aliyemjua akiamrisha makontena angani aje ajue hawezi kushika bakuli.

Ndiyo maana nilisema usiandike jina langu. Nikiandikwa mimi peke yangu, nimemwibia mume wangu. Nikimtaja yeye, nimemvunjia siri. Nimekaa na jambo hili humu ndani siku zote hizi, na kwenye eda mtu hana pa kukimbilia.

Kamuulize huyo Bi Oloo. Je, maiti huandikwa?

Maisara


Nairobi
24 Februari 2025

Bi Maisara,

Huandikwa.

Bi Oloo amesema mbunifu ni aliyebuni, awe hai au marehemu. Jina hubaki lake. Haki ya kunufaika ndiyo inayokwenda kwa warithi wake, yaani wewe na watoto, na mtagawana kwa sheria zenu. Nilipomweleza juu ya bakuli alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mimi nilijifanya nasoma kalenda yake.

Kuhusu ile siri, nimesoma karatasi zote mwanzo hadi mwisho. Zinauliza alibuni nini. Haziulizi kwa nini alikihitaji. Kwa hiyo nitaandika kwamba masinia yametundikwa kwa minyororo mitatu ili yabaki sawa, basi. Uji na chandarua vitabaki kati yetu sisi wawili, na Bi Oloo, ambaye kazi yake ni kunyamaza.

Na ile hitima haijatuua. Sheria ya hapa nchini inampa mwombaji mwaka mmoja tangu kitu chake kilipoonekana kwa sababu yake mwenyewe, na kilitoka stoo kwako, hakikuibwa. Nchi nyingine hazina huruma hiyo, lakini huko nani anapandisha pilau ngazini. Tukiwasilisha sasa tuko salama, bora asitutangulie mtu.

Nakuja Ijumaa kwa treni. Nitakuletea karatasi hapo hapo ulipo, usishuke hata ngazi moja. Bwana Tayebali ameniandikia kwamba ameniwekea nafasi nyuma ya duka ya kuchomea, kodi tutaongea nikishauza.

Limebaki jambo moja. Kila mbunifu anatakiwa jina kamili na anwani ya makazi. Langu nimejaza na lako nimejaza. Kwa Mzee nilishika kalamu nikaiweka. Bi Oloo amesema tuandike anwani yake ya mwisho, lakini nimeona nikuulize wewe kwanza. Niandike nini?

Mutanu


Kuze, Mombasa
26 Februari 2025

Mwanangu Mutanu,

Zoya anangoja mlangoni awahi basi, kwa hiyo sitarefusha.

Jina lake kamili ni Shukri Ngumbao Jefwa. Ngumbao ni baba yake, usiliache.

Anwani andika Kuze, nyumba ya Bi Maisara, ghorofa ya juu. Wakimtumia barua, nitampokelea mimi.

Mama yako,
Maisara